Chai ya Kashata Isiyo na Sukari

Kila vuli inapokaribia, wateja wangu hapa Dar es Salaam huniomba niwachanganyie chai ya mitishamba yenye ladha ya kashata ya nazi, na kabla sijafungua hata kopo la iliki huuliza nitatia sukari kiasi gani. Sitii hata chembe, na kwa kuwa jibu hilo hupokelewa kana kwamba nimekiri wizi, naona ni vyema nilieleze kwa maandishi.

Ulimi unatambua mambo machache tu: utamu wa sukari, chumvi, uchachu, uchungu na ule ukolezo wa mchuzi wa nyama. Iliki, vanila na nazi iliyokaangwa hutambuliwa na pua, kwa mvuke unaopanda kutoka kooni. Anayebisha abane pua, anywe funda la chai ya iliki isiyo na sukari, kisha aiachie pua akiwa bado nalo mdomoni. Vanila inayolimwa Kagera haina utamu wa kutajika ukiitafuna. Ni ukakasi wa kijiti tu. Lakini pua iliyoizoea ndani ya keki na aiskrimu tangu utotoni huiambia akili kwamba sukari ipo, na akili husadiki.

Wanaodai kwamba sukari huamsha harufu hawajakosea, maana hata ubani wa kutafuna huonekana kupoteza ladha pale utamu unapoisha, ingawa harufu bado imo. Kinachoniudhi ni kuitia kabla ya kuonja. Sukari hufunika mchanganyiko dhaifu, huficha mdalasini uliochakaa, na humfanya mchanganyaji mvivu aonekane fundi. Mnywaji ataiongeza mwenyewe akitaka. Mimi ninayeonja sina ruhusa hiyo.

Msingi wangu ni roibosi, majani ya kichaka cha milima ya Cederberg, Afrika Kusini, ambayo haina kafeini wala haiwi chungu ikikaa majini muda mrefu. Choya, yaani rozela, siitumii hapa: uchachu wake hukatisha maziwa, na hakuna kashata chachu. Mdalasini uwe wa vipande, kwa sababu unga wake hugeuka ute kikombeni. Iliki hutwangwa dakika ya mwisho. Karafuu iwe kidogo mno, kwani yujenoli, kemikali inayoipa harufu yake, hutia ganzi ulimi na kuvinyamazisha viungo vingine vyote.

Kipimo cha kimataifa cha kuandaa chai ya kuonjwa ni gramu 2 kwa mililita 100 za maji yaliyochemka, kwa dakika 6. Kiliandikwa kwa ajili ya majani ya chai, nami huongeza muda kwa sababu gome la mdalasini halina haraka. Huonja ikiwa moto, kisha ikiwa vuguvugu, kwa kuivuta kwa kelele ambayo mezani ingeitwa utovu wa adabu. Kasoro nyingi hujitokeza kwenye vuguvugu.

Lipo jambo linalonisumbua. Nikilificha jina, waonjaji wengi husema wanaonja maandazi. Nikilitaja, wote huiona kashata. Huko Marekani mdalasini, tangawizi, kungumanga na karafuu huuzwa kama viungo vya pai ya boga, bila boga lolote ndani, na mnywaji wa huko huliona boga waziwazi. Basi sina hakika ni sehemu gani ya kashata yangu imo kikombeni na ni sehemu gani imeandikwa kwenye pakiti, wala sijui kama nina haki ya kutoza bei ya zote mbili.

Nazi ndiyo kazi ngumu zaidi. Lazima ikaangwe hadi iwe rangi ya kahawia, lakini mafuta yake huelea juu ya kikombe, na kwa unyevu wa jiji hili hupata harufu mbaya upesi. Kwa hiyo naifunga peke yake, ndani ya pakiti isiyopitisha hewa, ili iongezwe wakati wa kupika. Wanaolalamikia pakiti hiyo ya pili ndio haohao wanaouliza ya sukari iko wapi.