Uandishi mbadala wa kitaaluma: maana yake, na kwa nini wanafunzi waendeshe kipindi wenyewe

Mwanafunzi wa chuo kikuu akikaa kuandika tasnifu, jambo la kwanza analojifunza ni kujificha. Haandiki "nilimuuliza", anaandika "mtafiti alibaini kuwa". Ameshinda sokoni na mama lishe wiki nzima, amekula ubwabwa wao na majina ya watoto wao anayajua, lakini kwenye karatasi wale wanawake wamegeuka "wasailiwa" na yeye mwenyewe amegeuka mtu wa tatu. Kisha anajaza sura tano zile zile: utangulizi, mapitio ya maandiko, mbinu za utafiti, matokeo, hitimisho na mapendekezo.

Uandishi mbadala wa kitaaluma ni jina la jumla la njia za kuandika kazi ya kisomi nje ya mkondo huo. Inaweza kuwa simulizi ya nafsi ya kwanza, barua, mazungumzo, shairi, michoro, hata sauti. Kinachobadilika ni umbo tu. Dai lazima liwepo, ushahidi uwepo, na aliyetoa wazo atajwe. Nalisema hili mapema kwa sababu wengi wakisikia "mbadala" wanaelewa "rahisi".

Si rahisi hata kidogo. Mwaka 2014 Nick Sousanis alipata udaktari wake Columbia University, New York, kwa tasnifu aliyoichora yote kwa mtindo wa katuni. Hoja yake ilihusu kufikiri kwa maneno na picha pamoja, na ingekuwa ajabu kuitetea kwa maneno matupu. Mwaka 2015 Patrick Stewart, msanifu majengo wa Nisga'a, taifa la wenyeji wa asili nchini Kanada, aliwasilisha tasnifu karibu yote isiyo na nukta wala mkato, kupinga namna Kiingereza cha shule kilivyopokewa bila kuhojiwa. Miaka miwili baadaye, A.D. Carson alitetea ya kwake Clemson University huko Marekani: albamu ya rap yenye nyimbo 34.

Wala lile umbo la sura tano halikushuka na elimu. Jarida la Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, lilipoanza mwaka 1665, mengi yaliyochapishwa humo yalikuwa barua za watu wanaosimulia walichokiona kwa macho yao. Na kwetu pwani, Abdul Karim bin Jamaliddini alipotaka kuweka kumbukumbu ya vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka 1905, alitunga utenzi. Wanahistoria wanausoma mpaka leo kama ushahidi.

Sasa, kwa nini kipindi cha somo hili kiendeshwe na wanafunzi? Kwa sababu mhadhiri alishazoea. Neno "mtafiti" halimkwaruzi tena, ila mwanafunzi bado linamkwaruza. Kikundi cha watu watatu au wanne kinapewa wiki moja ya kujiandaa, kinagawa usomaji mapema, na siku ikifika mhadhiri anakaa nyuma kama wengine. Mwanzo mzuri ni uandishi huru, zoezi ambalo Peter Elbow, mwalimu wa uandishi, alilieneza Marekani miaka ya 1970: dakika 10 kalamu isisimame, usirudi nyuma kusahihisha, na ukikosa la kusema andika kwamba huna la kusema. Kazi hiyo haikusanywi wala haipewi alama.

Baada ya hapo kazi yenyewe. Tuseme kikundi kimeleta sentensi hii: "Utafiti ulibaini kuwa mikopo ya riba kubwa huathiri kipato cha mama lishe." Darasa linaombwa kuiandika upya. Mmoja anaandika: "Nilimkuta saa kumi na moja alfajiri akihesabu noti kabla hajawasha moto. Za mkopeshaji alizitenga kwanza." Mwingine anajaribu utenzi, mizani nane kila kipande:

Mama lishe anapika,
jua bado kuchomoka,
na riba yamzunguka,
alala na deni lake.

Hapo ndipo mjadala unapopamba moto. Ubeti umeonyesha siku nzima, alfajiri hadi usiku, jambo ambalo ile sentensi ya kwanza haikulifanya. Lakini riba ni kiasi gani? Mama lishe wangapi wameulizwa? Ubeti hausemi, na mtunzi hana budi kuambatisha ukurasa wa maelezo. Ukurasa huo naupenda kuliko kitu kingine chochote katika kipindi hiki, kwa kuwa mwanafunzi anaeleza mwenyewe kwa nini alichagua umbo lile, limempa nini na limemnyima nini.

Hakosekani pia wa kutetea "mtafiti", na asikilizwe. Anayeandika juu ya ukatili wa nyumbani, huku mtaani anajulikana, anaweza kuhitaji lile pazia. Nafsi ya kwanza ni chaguo, na ikigeuzwa amri inakuwa sura tano nyingine.

Kikundi kibakize robo saa ya alama, maana swali litakuja tu: "Tukiandika hivi, tutasahihishwaje?" Vigezo viandikwe ubaoni na darasa zima mhadhiri akiwepo: dai linaonekana wapi, ushahidi unatosha, vyanzo vimetajwa, umbo linaibeba hoja au linaipamba tu. Vikishakubaliwa, vinakiliwe kwenye karatasi ya maelekezo ya kazi inayofuata, kabla mtu hajaanza kuandika.