Ufafanuzi: Ukungu kwenye mafuta ya alizeti si ushahidi wa kuchakachuliwa
Baridi ya Juni na Julai ikishika Mbeya, Mafinga na Makete, ujumbe uleule huzunguka kwenye magrupu: alizeti ikifanya ukungu chupani, imechanganywa na mawese. Si kweli.

Ganda la mbegu ya alizeti lina nta ya asili. Mashine nyingi za mtaani hukamua mbegu na maganda yake, nta ikaingia kwenye mafuta, na kukiwa na baridi hujitenga, ikatuama chini ya chupa kama utando mweupe. Viwanda vikubwa huyapooza mafuta na kuichuja nta hiyo, ndiyo maana yao hubaki maangavu.

Watu huchanganyikiwa kwa sababu mawese nayo huganda. Lakini karibu nusu yake ni asidi za mafuta zilizoshiba, yaani zile zinazoganda kirahisi. Alizeti ina takriban asilimia 11 tu.

Ukiiweka chupa kwenye maji ya moto ukungu hupotea, ila mawese pia huyeyuka, kwa hiyo jicho halitoshi. Maabara hupima palmitiki, mojawapo ya asidi hizo zilizoshiba: alizeti asilimia 5 hadi 7 hivi, mawese zaidi ya 40. Tafadhali usiusambaze ujumbe huo. Unamharibia soko mkamuaji asiye na kosa.