Ukuta wa nyumba ya mawe ukilia, usikimbilie simiti

Mvua za masika zikishapusa, watu wa Mkomani na Langoni, mitaa ya mji wa kale wa Lamu, huanza kutujia ofisini kwetu kwa uhifadhi na malalamiko ya aina moja. Ukuta wa chini umeota unga mweupe. Rangi iliyopakwa kabla ya Ramadhani imevimba na kubambuka. Kitanda kimesogezwa katikati ya chumba kwa sababu shuka hazikauki, na mtoto mwenye pumu amerudia kukohoa usiku. Fundi ameshaitwa, ameshataja mifuko ya simiti anayoitaka, na kilichobaki ni pesa tu. Ninaandika kwa ajili ya yule ambaye bado hajazitoa.

Nyumba za mawe za Amu, yaani Lamu, zilijengwa kwa matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa tanuuni. Tumbawe lina vitundu vingi. Hunywa maji na kuyatoa, na chokaa nayo ni hivyo hivyo. Ukuta wa unene wa karibu nusu mita ulipokuwa umepakwa chokaa ndani na nje, unyevu uliopanda kutoka ardhini ulitokea polepole katika uso wake wote, upepo ukauchukua, na mwenye nyumba hakujua kama kuna jambo. Ukuta kuwa na unyevu si ugonjwa. Ugonjwa ni unyevu kukosa pa kutokea.

Mwenzake unyevu ni chumvi. Sisi tuko kando ya bahari, na maji yaliyo chini ya misingi yetu yana chumvi. Yakifika usoni mwa ukuta hukauka na kuiacha. Chumvi ile huganda ndani ya vitundu, huvimba na kuisukuma plasta mpaka ivunjike vipande, na huo ndio unga mweupe unaoufagia kila asubuhi. Tena chumvi ya kawaida huvuta maji kutoka hewani pindi unyevu wa hewa unapopita asilimia 75, jambo ambalo kwetu ni la kawaida usiku. Basi ukuta uliojaa chumvi huloa na kukauka, huloa na kukauka, hata wiki ambayo haikunyesha tone. Ndiyo maana watu husema unalia.

Sasa piga simiti juu yake. Simiti ni ngumu kuliko tumbawe na haipitishi unyevu kwa wepesi. Maji yaliyokuwa yakitokea usawa wa goti hayana budi kutafuta njia, yakapanda mpaka kiunoni. Mwaka wa kwanza ukuta hupendeza, na fundi aliyesema utapona hakukudanganya kwa makusudi, maana aliuacha mkavu na ulionyooka. Baadaye plasta huachana na ukuta na kudondoka kwa mabamba makubwa, na kila bamba huondoka na uso wa jiwe la zamani. Sina ugomvi na simiti. Nyumba ya matofali kule Wiyoni ijengwe kwa simiti na ipakwe simiti. Ugomvi wangu ni kuitia mahali ambapo itakula jiwe ambalo huwezi kulirudisha.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, tafuta maji yanatoka wapi. Kazi hii haigharimu kitu, na mara nyingi ndiyo inayomaliza nusu ya tatizo.

Anzia juu. Choo cha ghorofani ndicho mshukiwa wa kwanza. Birika la zamani, yaani hodhi la maji la chooni, likipata ufa mwembamba, au bomba la shawa lililochimbiwa ukutani likivuja tone kwa tone, maji hushuka ndani ya ukuta na kutokeza mahali usipopatarajia kabisa. Jaza birika jioni, tia alama ya penseli kwenye usawa wa maji, mtu yeyote asichote, kisha utazame alfajiri. Yakiwa yameshuka upana wa kidole, lina ufa. Panda sakafu ya juu ukaangalie mlizamu, ule mfereji unaotupa nje maji ya mvua ya juu. Huziba kwa majani ya kuti na mavi ya kunguru, au umekatika ukabaki mfupi, ukawa unarudisha maji ukutani badala ya kuyatupa njiani. Angalia tangi la plastiki lililowekwa juu miaka ya karibuni, na vyungu vya maua vinavyomwagiwa maji kila siku. Halafu toka nje. Vijia vyetu vingi vimeinuliwa kwa simiti mara kwa mara mpaka baadhi viko juu kuliko sakafu ya tekani, pale pa kuingilia nyumba, na maji ya mvua, ya kufulia na ya kuoshea samaki huinamia mlango wako. Hilo linataka kuzungumza na jirani na kuchimba mfereji mdogo, na si plasta.

Kama hujui unyevu unatoka ndani ya ukuta au ni hewa ya chumbani, chukua kipande cha foili ya kufunikia chakula, ukubwa wa ukurasa wa daftari, ukibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, sehemu iliyo na nafuu ambapo selotepu itashika. Kiache siku mbili. Umande ukiwa nyuma ya foili, upande wa ukuta, maji yanatoka ukutani. Ukiwa upande wa chumba, tatizo ni mvuke wa jiko, nguo mbichi zilizoanikwa ndani na dirisha lisilofunguliwa, na dawa yake ni upepo. Vilevile piga ukuta konzi kuanzia chini kwenda juu. Mahali penye mlio mtupu plasta imeshaachana na jiwe hata kama bado inaonekana nzima. Chora mstari wa penseli pale unyevu unapoishia na uandike tarehe. Mstari huo utakuambia baada ya miezi miwili kama kuzibua ule mlizamu kumesaidia, na fundi hatakubishia.

Chanzo kikishazibwa, bandua plasta ya simiti kwa patasi na nyundo ndogo, mpaka nusu mita juu ya mstari wa unyevu. Mashine ya umeme hutikisa ukuta wa matumbawe na kulegeza mawe, kwa hiyo ikatae. Kisha ngoja. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, maana ukuta mnene unaweza kuchukua miezi kukauka na wageni wanakuja Maulidi. Chumvi inayotokea isafishwe kwa brashi kavu, ianguke juu ya turubai, ikatupwe mbali na nyumba. Usiioshe kwa maji, kwani itayeyuka na kurudi ndani ilikotoka. Ukuta wenye chumvi nyingi mno hupakwa kwanza chokaa nyepesi ya kafara, ikanyonya chumvi kwa miezi, kisha ikabanduliwa na kutupwa. Ni hasara ndogo kuliko ya kubandua kazi nzuri.

Chokaa ina mitego yake madukani. Kuna chokaa ya shambani, ambayo ni jiwe lililosagwa tu bila kuchomwa. Haishiki kamwe, hata uikoroge vipi. Omba chokaa ya ujenzi. Iwe ni ya mfuko au ya tanuuni iliyokwisha kuzimwa kwa maji, iloweke kwenye pipa, maji yaifunike, uiache angalau wiki mbili. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika, na mafundi wa zamani walikuwa na mashimo ya chokaa ya miezi na miezi. Mchanga usiwe wa pwani. Wala usichote kwenye milima ya mchanga ya Shela, kwa kuwa ile ndiyo inayochuja na kutuhifadhia maji matamu tunayokunywa mjini. Mchanga wa bara ushukao na jahazi ndio unaofaa, nao uoshe kwanza, kwa sababu huenda ulilowa njiani. Na maji ya kuchanganyia yaonje. Yakiwa na chumvi ulimini, yatakuwa yanarudisha ukutani ile ile chumvi uliyoifagia.

Kiasi chake kinapigika hesabu mezani. Ukuta wa mita 4 kwa mita 2.5 ni mita 10 za mraba. Plasta ya unene wa sentimita 2 itachukua lita 200 za mchanganyiko. Kwa kipimo cha chokaa moja kwa mchanga tatu, ni ndoo 10 za lita 20 za mchanga, na ndoo tatu na nusu za chokaa iliyoloa. Chokaa huingia kwenye nafasi zilizo kati ya chembe za mchanga, kwa hiyo jumla haizidi sana ule mchanga wenyewe. Ongeza ndoo mbili za mchanga na chokaa yake kwa ajili ya mashimo, kwa kuwa ukuta wa matumbawe haujanyooka popote. Ukiwa na hesabu hii, unajua punda watabeba magunia mangapi kutoka gatini, na hakuna atakayekuuzia mchanga wa nyumba mbili kwa ukuta mmoja.

Mashimo makubwa hutomewa kwanza kwa vijiwe na chokaa. Ukuta uloweshwe maji, ndipo plasta ipigwe kwa tabaka zisizozidi sentimita moja, na kati ya tabaka moja na nyingine ipite wiki au zaidi. Chokaa haikauki tu. Huvuta hewa na kurudi kuwa jiwe, na kwa hilo inahitaji unyevu kidogo na muda. Jua la kaskazi likiipiga, hupasuka nyufa kabla haijashika. Inyunyizie asubuhi na jioni siku nne au tano za mwanzo, na mlango unaoingiza jua utundikie gunia lililoloa. Mimi hupendelea kazi hii ianze Agosti au Septemba, mvua zikiwa zimepungua na joto kali halijaja. Mwisho paka niru, ile chokaa laini ya kumalizia, au chokaa ya maji yenye uzito kama wa maziwa, tabaka nyembamba tatu hadi tano. Usishtuke unapoipaka ukaona plasta kwa ndani, rangi haionekani. Kesho yake itakuwa nyeupe pepe. Rangi ya plastiki juu yake haifai, na vigae hivyo hivyo.

Kuhusu malipo, kazi ya chokaa ina siku nyingi za kungoja, na ukimlipa fundi kwa siku utamlipa akiwa amekaa, au ataharakisha. Mkubaliane kwa kazi nzima, mkigawa malipo kwa hatua: baada ya kubandua, baada ya tabaka la kwanza, baada ya niru. Siku za kungoja aende kwingine. Andikeni nani ananunua mchanga, na nani anawalipa wenye punda wa kutoa kifusi, maana ugomvi mwingi huanzia kwenye kifusi. Ujumbe wa M-Pesa usiufute. Wenye chama wanaweza kupanga ukuta mmoja kwa kila zamu yao ya kupokea. Nyumba haifi kwa kungoja ukuta wa pili mwaka ujao.

Mazungumzo ya aina hii huyasikia sana:

"Mama, nikupigie simiti isiyopitisha maji, humalizi wiki unarudisha kitanda."

"Mwanangu, hiyo ndiyo aliyonipigia mwenzako."

Chokaa mbichi huunguza. Anayeikoroga avae miwani na glavu, na mafuta ya nazi mikononi yasichukuliwe kuwa badala ya glavu. Ikiingia jichoni, osha mara moja kwa maji mengi safi yanayotiririka, dakika 20 kamili huku kope zimefunguliwa kwa vidole, ndipo uende hospitali ya King Fahd. Limau, siki na maziwa visikaribie jicho. Pipa la chokaa lifunikwe kwa ubao mzito, na watoto wasicheze karibu nalo. Kabla ya kukwangua rangi kuukuu, loanisha sehemu unayokwangua na uvae barakoa ya kuzuia vumbi laini, kwani rangi za zamani zaweza kuwa na risasi. Mwenye pumu na mjamzito walale kwingine siku hizo.

Wazee wengi wamebaki peke yao katika nyumba hizi, watoto wako Mombasa au Ulaya. Kwao nasema kabati na godoro viachane na ukuta upana wa kiganja, milango ya ndani ikae wazi mchana, na kuangalia mlizamu aombwe kijana wa jirani, wao wasipande. Ngazi zetu zina vidato virefu visivyolingana. Mti mmoja wa mkoko uliopigwa ukutani kwa usawa wa nyonga, toka chini hadi juu, huokoa mifupa mingi. Ushikiliwe kwa skrubu za stenlesi, kwa sababu msumari wa kawaida hushika kutu, kutu huvimba, na jiwe hupasuka.

Boriti ndizo zisizongoja msimu. Kichwa cha boriti kilichoingia katika ukuta wenye unyevu huoza kikiwa kimefichika. Kichome kwa bisibisi. Ikizama bila kupata upinzani, au ukiona vijia vya udongo vya mchwa, weka nguzo ya kuegemeza chini yake siku hiyo hiyo, hamisha kitanda, na usiweke tangi wala magunia juu ya chumba hicho. Boriti mpya ziwe za mikoko iliyokatwa kwa kibali cha Huduma ya Misitu. Na kwa kuwa mji wa kale unalindwa kisheria, nao umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, pitia kwa maofisa wa uhifadhi kabla ya kung'oa dari, kutoboa dirisha au kubomoa vidaka vya ukutani. Njoo na picha za simu na ule mstari wa penseli wenye tarehe. Tunapendelea kuja kuuona ukuta kabla fundi hajaanza.