Mgonjwa wa kisukari na futari ya Mombasa

Unapoingia mwezi wa Shaabani, wagonjwa wa kisukari ninaowashauri kuhusu lishe hapa Mombasa huanza kuuliza kama wataweza kufunga Ramadhani. Huo ndio wakati wake hasa, kwa sababu dawa hazipangwi upya usiku wa kuandama mwezi. Anayetumia metformini pekee kwa kawaida hana hatari kubwa ya kushukiwa na sukari, lakini anayetumia insulini au glibenklamidi anayo, na daktari wake ndiye wa kumbadilishia kipimo na saa za dawa. Mjamzito anayetumia insulini, au mwenye figo zilizoathirika sana, huwa namsihi asifunge.

Hapa kwetu saumu huchukua takriban saa 13, na kipindi ninachokihofia zaidi ni cha baada ya alasiri. Mtu ameketi barazani akingoja magharibi, mikono inaanza kumtetemeka, jasho jembamba linamtoka, moyo unamwenda mbio, naye anajikaza eti muda uliobaki ni mchache. Hapo apime. Tone la damu la kidoleni halibatilishi saumu, na jambo hili nalirudia kila mwaka kwa kuwa bado wako wanaoificha mashine ya kupimia sukari kabatini mpaka Idi. Kipimo kikiwa chini ya milimoli 3.9 kwa lita, au kikizidi 16.6, afungulie papo hapo, hata kama adhana imekaribia. Aya ya 185 ya Suratul Baqara imempa mgonjwa nafasi ya kuzilipa siku hizo baadaye, na asiyetarajiwa kupona hulisha maskini. Hana sababu ya kuwaonea haya majirani.

Kazi kubwa zaidi, hata hivyo, naipata kwenye futari yenyewe. Jamvini utakuta viazi vitamu na muhogo wa tui zito, tambi za sukari, mkate wa sinia, kaimati zilizogaagazwa katika shira, na pembeni jagi la sharubati. Karibu vyote hivyo ni wanga na sukari, na mboga haionekani. Mwili uliokaa mchana kutwa bila chakula ukivipokea kwa mkupuo, sukari hupanda ghafla, kisha lawama ikaangukia saumu.

Mtume (S.A.W.) alikuwa akifuturu kwa tende kabla ya kuswali Magharibi, na akizikosa, kwa maji. Mgonjwa akianza kwa tende moja au mbili na maji, akaswali, hurudi jamvini njaa ikiwa imepoa. Hapo achague wanga wa aina moja: akitaka muhogo, aache tambi, na nafasi iliyobaki aijaze samaki, mchicha na kachumbari. Kaimati sizikatazi (nani atanisikiliza tena nikizikataza?), ila ziwe mbili, na sharubati isitiwe sukari.

Daku nayo isirukwe wala isiliwe saa nne za usiku. Icheleweshwe karibu na alfajiri, iwe chapati ya unga usiokobolewa kwa maharagwe au mayai, na maji ya kutosha. Anayetumia insulini aende kwenye tarawehe na tende mfukoni, kwani rakaa zile ni mazoezi ya mwili, na sukari yaweza kumshuka hata baada ya kufuturu.