Mvua peke yake haielezi watu wanaishi wapi

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini Tanzania. Wagawe kwa eneo la nchi kavu, utapata kama watu 70 kwa kilometa ya mraba. Lakini Dar es Salaam ina zaidi ya 3,800, na Lindi ina 18 tu.

Jibu la haraka ni mvua na udongo, na kwa Kilimanjaro linatosha. Miteremko ya kusini ya mlima ina mvua nyingi, udongo wa volkano na mifongo (mifereji ya asili) inayoshusha maji hadi kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, vya migomba na kahawa. Tambarare ya chini ni kavu, na watu wake ni wachache.

Tatizo linakuja ukilinganisha Dodoma na Lindi. Dodoma ni kame zaidi, lakini ina watu wapatao 75 kwa kilometa ya mraba. Msidhani ni kwa sababu ya Serikali kuhamia huko: mwaka 2012 walikuwa tayari kama 50, na Lindi 13.

Hapa historia ina uzito kuliko mawingu. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 vilifuatwa na njaa iliyoua watu wengi kusini. Mashamba yalipoachwa, pori lilirudi, na pamoja nalo wanyamapori na mbung'o. Mbung'o hueneza nagana kwa ng'ombe na malale kwa binadamu. Penye mbung'o wengi ni vigumu kufuga, hivyo mkulima hukosa maksai, samadi na maziwa. Baadaye serikali ya kikoloni iliwahamisha wakazi wa Liwale, mkoani Lindi, kupisha pori la akiba. Barabara ya kwenda Lindi nayo ilichelewa: daraja la Mto Rufiji lilifunguliwa 2003, na kabla yake kivuko kilikwama mara kwa mara wakati wa masika. Dodoma ilikuwa na reli ya kati kabla ya 1914, na uwanda wake wa wazi unafaa kwa mifugo.

Kwa anayepanga huduma, kosa la kawaida ni kugawanya idadi ya watu kwa eneo lote la wilaya. Toa kwanza hifadhi, misitu na maziwa, kisha piga hesabu kata kwa kata. Penye watu waliotawanyika, usipange zahanati kwa idadi ya vichwa pekee. Pima pia kilometa ambazo mama mjamzito atatembea kuifikia.