Samaki usiyemtaka ndiye anayepanga safari

Jumamosi iliyopita nilikuwa soko la Mbuyuni, nimesimama mbele ya beseni la perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu. Mama ninayenunua kwake kila wiki alikuwa anakwangua magamba kwa kisu kilicholika hadi kubaki chembamba kama kijiti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hivi, wanasema wewe kazi yako ni meli za samaki. Meli gani hizo zinafika Moshi?"

Nikamwambia meli ziko mbali, kaskazini mwa Atlantiki, mimi nazipangia tu lini zitoke na zikatege wapi. Akasimamisha kisu. "Sasa unapanga nini? Si zinaenda samaki walipo?"

Nilijibu kwa mkato kwa sababu foleni ilikuwa nyuma yangu. Jibu lenyewe ni refu kidogo, ndiyo maana nimeliandika hapa.

Samaki walipo kila nahodha anapajua, na asiyejua ana kipimo cha sauti kinachomwonyesha. Ugumu wa kazi yangu ni kwamba meli haina ruhusa ya kuvua inavyotaka. Ina mgawo. Iceland, nilikojifunzia kazi hii, meli za samaki wa chini, yaani wanaokaa karibu na sakafu ya bahari, zina mgawo wa kila moja tangu 1984. Wanasayansi wanapima akiba iliyoko baharini, serikali inatangaza jumla ya kuvuliwa, na kila mwenye hisa anapata asilimia yake. Mwaka wa uvuvi unaanza tarehe 1 Septemba na kufungwa 31 Agosti. Kwa samaki wao mkuu, Waingereza wanayemwita cod, kanuni ya kupata jumla hiyo inategemea takriban moja ya tano ya uzito wa samaki wenye umri wa miaka 4 na kuendelea. (Nikimwandika "kodi" wasomaji watadhani TRA wamefika, kwa hiyo nitamwita chewa wa kaskazini.)

Bila mgawo wa kila meli, kinachobaki ni mbio. Alaska waliziona. Kabla ya 1995, uvuvi wa halibati ulikuwa na jumla ya pamoja tu, bila fungu la mtu. Kila mmoja akakimbilia kuwahi, msimu ukasinyaa mpaka ukawa unafunguliwa kwa saa 24, mara chache kwa mwaka. Watu walitoka hata bahari ikiwa imechafuka, na samaki wote walifika bandarini siku moja, wakaishia kwenye friza. Walipopewa kila mtu fungu lake mwaka 1995, msimu ukarefuka hadi miezi kama 8. Hapo ndipo swali la "lini" lilipopata maana. Ukiwa na chako hakuna wa kukuwahi, unaanza kujiuliza ni wiki gani kitakulipa zaidi.

Na wiki zinatofautiana kweli. Mfano ninaoupenda ni kapelini, kisamaki chembamba cha Iceland. Kati ya Februari na Machi makundi yake yanazunguka pwani ya kusini yakielekea kutaga, na mayai yanajaa tumboni siku hadi siku. Wajapani wananunua majike yenye mayai kwa bei nzuri. Ukivua mapema sana, mayai hayajakomaa na mzigo unaishia kuwa unga wa kulisha mifugo. Ukichelewa, wametaga, na wengi wao wakishataga wanakufa. Dirisha lenye pesa ni la wiki chache, na kuna miaka halifunguki kabisa: 2019 na 2020 hakukuwa na mgawo wowote wa kapelini kwa sababu akiba ilikuwa ndogo. Peru nao, mwaka 2023, msimu wa kwanza wa dagaa wao wa anchoveta katika eneo la kaskazini na kati ulifutwa, kwani samaki walikuwa wachanga mno. Upange vizuri namna gani, bahari ndiyo inapiga muhuri.

Sasa "wapi". Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, na mimi mwenyewe ilinichukua muda.

Wavu wa kukokota hauchagui. Ukimfuata chewa wa kaskazini utamleta na hadoki, na hadoki naye ana mgawo wake, mara nyingi mdogo. Mgawo wa hadoki ukiisha na nchi hairuhusu kutupa samaki baharini, meli inafungwa kamba bandarini hata kama chewa wamebaki tani mia tatu kwenye karatasi. Umoja wa Ulaya ulileta katazo la kutupa kwa awamu kati ya 2015 na 2019, na tangu hapo samaki wa aina hii ndiye gumzo la ofisi za wapangaji. Mimi namwita mkaba koo. Humtafuti, lakini ndiye anayekuambia mwisho wako uko wapi.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme una mgawo wa tani 500 za chewa na tani 40 za hadoki. Kuna eneo la karibu, tuliite la Kwanza, ambako kila tani 10 za chewa zinakuja na tani 2 za hadoki. Eneo la Pili liko mbali, mafuta yanaliwa, lakini kila tani 10 za chewa zinakuja na hadoki kilo 300 tu. Nahodha mwenye haraka atamaliza kazi eneo la Kwanza. Akifikisha tani 200 za chewa, hadoki wameisha, na tani 300 za chewa anaziangalia kwa macho. Mwoga ataenda eneo la Pili mwaka mzima: atamaliza chewa wote, lakini atabaki na tani 25 za hadoki ambazo hazikumsaidia kitu, na bili ya mafuta juu. Jibu ni kuchanganya: tani 147 eneo la Kwanza, 353 eneo la Pili. Chewa na hadoki wanaisha pamoja.

Kuna kitu kingine kimejificha humo. Ukipata tani moja zaidi ya mgawo wa hadoki, unaweza kuhamisha karibu tani 6 za chewa kutoka eneo la mbali kuja la karibu. Kama kila tani ya karibu inakuokolea shilingi 300,000, basi ile tani moja ya hadoki ina thamani ya karibu shilingi milioni 1.76 kwako, weka kando mauzo ya hadoki wenyewe. Tunaiita bei ya kivuli. Haiandikwi sokoni, lakini ndiyo inayokuambia ukodi mgawo wa jirani kwa bei gani.

Bibi yangu Kibosho aliielewa bila kalamu. Zamu yake ya maji ya mfongo, ule mfereji wa kumwagilia mashamba, ilikuwa ya saa chache. Mwezi wa masika angekupa zamu nzima bila kunung'unika. Januari, jua linapochoma migomba, usingethubutu hata kumuomba nusu saa. Maji ni yaleyale na mfongo ni uleule, ila kivuli kimebadilika.

Hesabu za meli halisi zina maeneo kadhaa, wiki 52, samaki aina 10 au zaidi, na kompyuta inazitatua kwa njia zilizotokana na simpleksi, mbinu ya hesabu ya kutafuta mpango bora, ya George Dantzig ya mwaka 1947. Sehemu hiyo siku hizi ni rahisi. Ugumu ni namba unazoilisha, kwa sababu samaki wa wiki ijayo hajasoma jedwali la wiki iliyopita. Bahari ya Bering, kati ya Alaska na Urusi, meli zinazovua samaki aitwaye poloki zinabanwa na samoni wa Chinook: kanuni ya 2011 iliwawekea kikomo cha samoni 60,000 kwa mwaka, wakihesabiwa mmoja mmoja. Kwa hiyo meli zinapeana taarifa za kila mkokoto, na sehemu iliyojaa samoni inakwepwa kwa siku kadhaa. Washindani wanaambiana siri zao, kwa sababu mmoja akiharibu, wote wanakabwa.

Kosa langu kubwa halikuhusu samaki hata kidogo. Mwaka wangu wa kwanza nilitoa ratiba safi, mkaba koo kamalizwa sawasawa, mafuta yameshuka kwa sababu nilipunguza mwendo wa kurudi kutoka noti 12 (maili za baharini kwa saa) hadi 10. Nguvu ya injini inapanda karibu kwa mchemraba wa mwendo, kwa hiyo safari ileile, hata ikichukua muda mrefu zaidi, inaokoa karibu asilimia 30 ya mafuta. Nilijisifu. Nilichosahau ni kwamba kupunguza mwendo kulifanya meli mbili zifike bandarini asubuhi moja, na kiwanda kina laini moja ya kuchakata. Meli ya pili ilisubiri siku nzima, barafu ikiyeyuka. Nahodha wake, mtu mzima wa makamo, alinitumia picha ya samaki aliyelegea na neno moja: "Hongera." Tangu siku hiyo zamu ya kiwanda naiingiza kwenye hesabu kabla ya samaki.

Juzi nilirudi Mbuyuni. Nikamweleza mama habari za chewa na hadoki, nikichora kwa kidole kwenye meza yake iliyolowa. Alisikiliza huku anatenga perege wanne wakubwa, akawafunika kwa gunia bichi chini ya meza. Nikaomba wawili kati ya hao.

"Hao hapana, baba. Mama ntilie wa stendi anakuja saa tano, na yeye anachukua na wale wadogo wote. Nikikupa wewe wakubwa, wadogo nitalala nao."

Nikachukua wa saizi ya kati.