Je, wajua kwa nini semina pekee haimweki mtoto nyumbani?

Kila baada ya muda, ukumbi wa hoteli fulani hapa Malindi hujaa maafisa wa watoto, watu wa kujitolea na wafanyakazi wa vituo vya watoto. Wanafunzwa kuwa mtoto hukua vizuri zaidi kwenye familia kuliko kituoni, na namna ya kumrudisha na kumfuatilia huko. Siku tatu, chai na mahamri, kalamu mpya, cheti. Jumatatu wanarudi kazini, na kazi inaendelea vile vile. Kwa nini, ilhali walichofunzwa ni kweli?

Na ni kweli hasa. Kuanzia mwaka 2000, watafiti Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah waliwafuatilia watoto wadogo 136 waliokuwa vituoni huko Bucharest, Romania. Kwa kura, nusu walipelekwa kulelewa na familia, nusu wakabaki kwenye utaratibu wa kawaida. Waliopata familia walikua vizuri zaidi kiakili na kihisia, hasa waliotoka kituoni kabla ya kufika kama miaka miwili. Kenya nayo imeshika njia hiyo. Sheria ya Watoto ya 2022 inakifanya kituo kuwa kimbilio la mwisho, na inatambua malezi ya jamaa pamoja na kafala, yaani kumlea mtoto wa mwingine kwa taratibu za Kiislamu, mambo ambayo watu wa pwani waliyaishi zamani kabla hayajaandikwa.

Shida iko kwenye utendaji. Mwaka 2005 Dean Fixsen na wenzake wa Chuo Kikuu cha South Florida, Marekani, walipitia tafiti nyingi kuhusu namna njia zilizothibitishwa zinavyoingia kazini. Mafunzo peke yake, walieleza, hayatoshi. Mfanyakazi hubadilika akiwa na mtu mzoefu wa kuandamana naye kazini, kumtazama na kumrekebisha.

Tuseme mtoto wa miaka tisa ametoka kituoni, yuko kwa nyanyake mtaa wa Barani. Dada wa kujitolea, aliyetoka semina juzi tu, anafika na fomu yake.

"Shikamoo nyanya. Mtoto anaendeleaje?"

"Marahaba mwanangu. Twashukuru Mungu."

"Anaenda skuli?"

"Aenda."

Anaandika "hali nzuri" na kuondoka. Ziara ya pili anakuja na afisa aliyezoea kazi. Afisa anakaa mkekani, anauliza habari za mguu wa nyanya, kisha anamwomba mtoto amwonyeshe madaftari. Tarehe ya mwisho ni ya wiki tatu nyuma. Nyanya anashusha sauti: "Viatu vimekatika, mwanangu. Niliona haya kumpeleka vile." Njiani afisa hamgombezi mwenzake. Anamuuliza tu, "Wewe uliona nini mle ndani?" Ziara ya tatu, dada ndiye anayeomba daftari.

Mtoto anaweza kurudishwa kituoni kwa jozi ya viatu kama hiyo. Hakuna semina inayomfundisha mtu kuiona. Anaiona kwa kukaa kando ya anayejua pa kutazama.

Kuna jambo jingine linalonikera. Mbinu ikifika kwetu, hupunguzwa. Kubadilisha lugha iwe Kigiriama, au kumshirikisha imamu na mzee wa mtaa, hakuiharibu, huisaidia. Lakini ziara za kila wiki zikifanywa za kila mwezi, hiyo si mbinu ile tena. Mkate wa kumimina usipotia iliki bado utaiva. Usipotia hamira hauumuki, na huwezi kulaumu mchele. Mara ngapi tumesema "hiyo ya wazungu haifai huku," na kumbe haikufanywa hata mara moja?

Fixsen na wenzake wanakadiria kuwa njia mpya huchukua miaka miwili hadi minne kukaa sawasawa kazini. Miradi mingi hufadhiliwa mwaka mmoja. Na bajeti ikibana, ukumbi na chai hubaki. Kinachokatwa mwanzo ni nauli ya bodaboda ya watu wawili kwenda Barani kila wiki.